Dakika Arobaini na Tano hadi Unguja

Laurenti, karani wa tikiti katika uwanja wa ndege wa Tanga, alikuwa ameipima njia kwa uzi. Alitandaza ramani mezani, akaweka ncha moja ya uzi mweusi wa kushonea juu ya Tanga na nyingine juu ya mji wa Unguja, akaukata kwa meno, kisha akaulaza kwenye mstari wa maili ulio chini ya ramani.

"Maili sabini na tano, Bwana Hamed," alisema. "Angani hakuna kona, mwe. Dakika arobaini na tano, pamoja na kupanda na kushuka."

Hamed bin Himyar aliuomba uzi ule akapewa. Hiyo ilikuwa juzi. Leo, Jumatano moja ya masika ya mwaka hamsini na sita, alikuwa ameuzungusha kwenye kidole cha shahada mpaka ncha ya kidole imekuwa nyeusi, na saa yake ya mkono ilikuwa inasema saa kumi na moja kasorobo. Ndege ilitakiwa iwe imetua saa kumi na robo. Mbinguni hapakuwa na kitu ila wingu zito upande wa Pangani, na kunguru wawili waliokuwa wakigombea kitu juu ya bati la banda la abiria.

Ndani ya ndege hiyo alitakiwa awemo mkewe, Shamsiya. Na asiporudi nayo, alfajiri ya kesho Shamsiya hatakuwa mkewe tena. Hakuna aliyewatenganisha ila ulimi wa Hamed mwenyewe.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hamed alikuwa na vidole vizima kumi. Ulimi ndio uliokuwa ukijikwaa kila mwaka. Alikuwa mfanyabiashara wa nazi na mbata, ana ghala Ngamiani na shamba Kigombe, mtu mwema, mswalihina, mkarimu kwa wageni, lakini akikasirika husema kwanza na kufikiri wiki ya pili yake. Katika miaka ishirini ya ndoa alikuwa amekwisha kumwacha Shamsiya mara mbili. Ya kwanza ilikuwa mwaka ule ule wa harusi, kwa sababu ya chungu cha samaki kilichoungua, na siku ya tatu akamrejea huku akilia. Ya pili ilikuwa wakati wa vita, kwa sababu ambayo hata wao wenyewe waliisahau. Mwanamume ana talaka tatu tu. Ikitoka ya tatu, mke haruhusiwi kumrudia mpaka aolewe na mume mwingine, akae naye kweli, na huyo naye amwache au afe. Hamed alikuwa amebakiwa na moja, na hiyo moja ameitundika hewani kama mtu anayening'iniza panga juu ya kitanda chake.

Chanzo kilikuwa mama mkwe. Miaka miwili nyuma walikwenda harusini Unguja, nyumbani kwa Bi Aliya, mama yake Shamsiya, bibi wa Malindi mwenye ulimi unaokata. Wageni wamejaa, mazulia yametandikwa, Hamed anatafuta mahali pa kukaa, Bi Aliya akasema kwa sauti, "Mkwe wangu mwekeni pale mlangoni. Muuza nazi amezoea upepo." Watu wakacheka. Labda ulikuwa utani tu, maana mabibi wa pale hutania hata maiti. Lakini Hamed alisimama, akavaa viatu, akaapa mbele ya kadamnasi kwamba hatakanyaga tena nyumba ile. Na hakukanyaga. Shamsiya alikuwa akienda peke yake kwa meli, akikaa mwezi mzima kila safari, na Hamed akila mikate ya dukani na kuhesabu siku.

Mwezi wa tatu mwaka huu Hamed alimkuta anakunja nguo za safari tena. Angeweza kumwambia, "Usiende, nyumba hii bila wewe hainikaliki." Badala yake alisema, "Wallahi, Shamsiya, ukilala usiku mmoja mahali nisipolala mimi, umeachika."

Shamsiya aliziacha nguo kitandani, akaenda jikoni. Safari ikafa.

Halafu, Jumatatu ya wiki hii, ikaja simu kutoka Unguja, maneno manne kwenye karatasi ya posta: MAMA HAJIWEZI NJOO UPESI. Hamed aliisoma mlangoni. Alikwenda mbio mpaka kwa Shehe Sadalla, imamu wa msikiti wao, akamkuta anatia maji bustani yake ya mchicha.

"Nimesema neno, Shehe, nataka kulirudisha."

Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kopo chini. "Talaka iliyotundikwa si nazi, Hamed. Haitunguliwi. Umesema akilala mahali usipolala wewe. Usiku ukiisha, alfajiri ikamkuta huko na wewe uko huku, imepita."

"Na mamake anakufa!"

"Basi nenda naye. Mlale hukohuko."

"Mimi nimeapa kutokanyaga nyumba ile."

"Hicho ni kiapo tu, kina kafara. Lisha maskini kumi, uende. Talaka ndiyo isiyo na kafara."

Hamed aliona tena lile zulia, na vile vicheko. "Siendi, Shehe. Mtu aliyeniweka mlangoni mbele ya watu, mimi simfuati mpaka kitandani kwake."

Shehe Sadalla akaokota kopo lake. "Haya. Kama unacho chombo cha kumpeleka asubuhi na kumrudisha usiku huohuo, mpeleke. Mchicha wangu unakauka."

Chombo kilikuwapo. Meli ilikuwa ya mara moja kwa wiki, na kwa barabara ungezunguka mpaka Dar es Salaam siku nzima kabla hujaiona bahari ya kuvuka. Lakini kulikuwa na ndege, kindege cha abiria wanane kilichokuwa kikilala Unguja, kikija Tanga na kurudi asubuhi, kisha kikija tena na kurudi jioni. Hapo ndipo Laurenti alipotoa ramani na uzi. Hamed alirudi nyumbani ameandika karatasi nzima ya saa. Kuondoka Tanga saa tatu. Kufika Unguja saa nne kasorobo. Malindi, saa nne na robo. Kukaa na mama, muda wa saa nne kamili. Kutoka Malindi saa nane na robo, kutangulia uwanjani mapema. Kuruka saa tisa na nusu. Tanga, saa kumi na robo. Alijivunia karatasi ile. Alihisi kwamba amemkomboa mke wake kwa akili yake mwenyewe.

Shamsiya aliisoma, akaikunja mara nne, akasema, "Ahsante, mume wangu." Jioni ile alikaa akipiga pasi kanzu moja baada ya nyingine, hata zilizokuwa safi. Hamed aliona ni wasiwasi tu. Mwanamke akiwa na wasiwasi hutafuta kazi.

Sasa saa kumi na moja kasorobo ilikuwa imekuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Hamed aliingia kwa Laurenti kwa mara ya sita.

"Laurenti, ule uzi wako ulikuwa mzima?"

"Uzi hauna kosa, Bwana Hamed. Nimezungumza na Unguja kwa redio. Ndege imechelewa kuruka kule. Walikuwa wakimngoja abiria."

"Abiria gani?"

"Hawakusema."

"Mwanamume? Mwanamke? Walimngoja akaja, au walimngoja hakuja?"

Laurenti, kijana wa Kibondei mwenye subira, mkewe Yudith amejifungua wiki ile na yeye mwenyewe halali, alivua miwani akaifuta. "Bwana Hamed, redio yenyewe inakohoa kuliko inavyosema. Nimesikia 'tulingoja', basi. Kaa. Nikuletee maji?"

Hamed hakutaka maji. Alitoka nje akasimama chini ya ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, akaanza kupiga hesabu upya. Kama walimngoja Shamsiya, basi alifika kwa kuchelewa, amepanda, yuko angani sasa hivi. Vizuri. Kama walimngoja mwingine, basi Shamsiya alitangulia, naye yumo. Vizuri pia. Kila upande wa hesabu ulikuwa mzuri. Hata hivyo alisoma Ayatul Kursi. Akaangalia saa. Akasoma tena kwa haraka, akakosea, akaanza upya.

Ndege ikaonekana saa kumi na moja na dakika tatu. Ilitokea pembeni mwa lile wingu, ndogo, ikaja ikitikisika, ikagusa ardhi, ikaruka kidogo, ikatulia. Hamed alikuwa ameshavuka kamba ya abiria kabla mapanga ya injini hayajasimama, na Laurenti akimwita nyuma, "Bwana Hamed! Bwana Hamed, subiri!"

Mlango ukafunguliwa. Akashuka Mhindi mwenye mkoba. Akashuka Mzungu wa mashamba ya mkonge, amelewa kidogo. Akashuka mama mmoja mnene aliyevaa sare ya uuguzi, msalaba kifuani. Kisha zikashushwa gunia mbili za barua. Hamed aliendelea kungoja. Alipanda ngazi akachungulia ndani mwenyewe. Viti vinane, vyote vitupu, na kwenye kimoja ganda la chungwa.

"Wewe ndiye Bwana Hamed wa nazi?" Alikuwa yule muuguzi. "Naitwa Praxeda, ninafanya kazi hospitali hapa. Niliambiwa nimtafute mtu mwenye kanzu asiyeacha kutazama saa. Nimepewa hii pale uwanjani Unguja." Akampa karatasi, na Hamed akaitambua kabla hajaifungua. Ilikuwa ile ile ya kwake, ya saa, imekunjwa mara nne. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wa Shamsiya, wa kalamu ya risasi.

*Mume wangu Hamed, salamu. Mama yu hai, lakini kesho haijui. Ameshika kidole changu tangu asubuhi. Nilimbandua nikaja uwanjani kama ulivyoandika, wakaningoja, nikaweka mguu kwenye ngazi, nikashindwa. Dakika umenihesabia vizuri, Mungu akulipe. Neno lako nalijua, na sikulaumu. Kanzu zako zote nimezipiga pasi, za Ijumaa ziko juu. Ufunguo wa kabati uko chini ya mtungi. Kuku usisahau kuwafungia, kuna kicheche. Nisamehe miaka yote. Shamsiya.*

Hamed alisoma mara moja tu. Alipofika kwenye kanzu, alielewa kwamba mke wake alijua tangu juzi. Shamsiya alikuwa akipiga pasi huku akimuaga mumewe, na mumewe amekaa kitako ukumbini akijisifu kwa karatasi.

Akaketi kwenye ngazi ya ndege. Aliona aibu kulia mbele ya watu, lakini alilia.

"Bwana," Praxeda alisema taratibu, "ni msiba?"

"Bado," Hamed alijibu. "Mpaka alfajiri."

Nyuma ya mgongo wake watu walikuwa wanapakia gunia za barua za kwenda. Gunia moja lilimgusa bega. Alitazama gunia lile linavyoingizwa ndani, lenye maandishi meusi UNGUJA, na ndipo lilipomwingia akilini jambo ambalo Shehe alimwambia waziwazi penye mchicha na yeye akalitupa. Siku tatu amehesabu dakika za Shamsiya kwenda na dakika za Shamsiya kurudi. Za kwake hakuzihesabu hata moja. Ndege ilikuwa inakwenda hukohuko.

"Laurenti!" alipiga kelele. "Nafasi ipo?"

"Nafasi zote zipo, lakini rubani hataki kuruka. Anasema jua limekwenda sana na wingu lile halipendi. Ikifika saa kumi na moja na nusu, atalala Tanga."

"Sasa saa ngapi?"

Ilikuwa ajabu, mtu aliyeshinda akitazama saa anamwuliza mwingine. "Na dakika kumi na nane," Laurenti alisema.

Hamed hakujua Kiingereza cha kutosha kumweleza rubani, naye rubani hakujua Kiswahili cha kuelewa talaka iliyotundikwa. Praxeda ndiye aliyesimama katikati yao. Hamed aliongea, mikono ikiongea zaidi, na yule mama akatafsiri, akapunguza hapa, akaongeza pale, na Mungu peke yake anajua alimweleza nini. Rubani alisikiliza huku akitazama wingu. Alitupa sigara yake, akaikanyaga, akasema neno moja.

"Panda," Praxeda alisema.

Laurenti alikuwa ameshaandika tikiti. Hamed alimwekea pesa zote mkononi bila kuzitazama. "Mwambie Shehe Sadalla awalishe maskini kumi kwa jina langu. Na kuku wangu, Laurenti, tafadhali, kuna kicheche."

Hakuwahi kupanda ndege maishani. Kiti kilikuwa kidogo kwake, na injini zilipopiga kelele alikamata kiti cha mbele kwa mikono miwili. Ardhi ikaanguka. Alifumba macho, akayafumbua kwa sababu kuyafumba kulikuwa kubaya zaidi. Chini ilipita Tongoni, kisha Kigombe, na shamba lake la nazi alilolitembelea miaka yote kwa kutwa nzima lilikuwa kama mkeka ulioanikwa, likapita kabla hajamaliza kusema bismillahi.

Jua lilikuwa mkono wake wa kulia. Hilo alilishika kama kamba. Likiwa kulia, tunakwenda Unguja. Likihamia kushoto, rubani ameghairi, tunarudi Tanga, na Shamsiya amekwenda.

Baada ya dakika kumi na tano waliliingia wingu. Ndege iliteremka ghafla, tumbo la Hamed likabaki juu. Mvua ikapiga vioo. Kisha akahisi mwili unalala upande, ndege inapinda. Laurenti alisema angani hakuna kona, na hii ilikuwa kona hasa. Ikapinda, ikaendelea kupinda. Walipotoka nje ya wingu hakuliona jua kulia. Alitazama kushoto, shingo imekakamaa. Halikuwapo kushoto pia. Lilikuwa nyuma yao kabisa, maana mwanga ulikuwa unalala mgongoni mwa viti kuelekea mbele. Mashariki, basi. Wanaelekea Pemba, au wanageuka mzima mzima. Alizungusha ule uzi kidoleni mpaka ukakatika. "Ya Rabbi," alisema kwa sauti, na hakuna aliyemsikia, "mimi ndiye niliyesema, yeye hakusema kitu."

Dakika tano. Dakika nane. Kisha mwanga ukaanza kusogea, polepole, ukapanda kwenye ukuta, ukafika dirishani. Dirisha la kulia. Hamed aliweka paji la uso kwenye kioo chenye moto wa jua, akakaa hivyo hivyo mpaka akaona minara na mapaa ya mji wa Unguja, na jua likigusa maji.

Zilikuwa dakika hamsini na nane. Gari la kukodi lilimfikisha Malindi adhana ya magharibi imekwisha. Mlango ulikuwa ule ule, na kizingiti kile kile. Hamed alivua viatu, akakitazama kizingiti kwa pumzi moja, akavuka kwa mguu wa kulia.

Shamsiya alikuwa ameketi chini, kando ya kitanda cha mamake, mkono wake juu ya godoro. Alimwona mumewe mlangoni. Alitazama nyuma ya Hamed kama anayetafuta mtu mwingine aliyemleta.

"Nani?" Bi Aliya aliuliza. Macho yalikuwa yamefumbwa. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Hamed." Akameza mate. "Muuza nazi."

Shamsiya akamwinamia mamake kusikiliza pumzi. Kisha bibi akasema, "Marahaba. Wanasema siku hizi watu wanakuja na ndege. Kutoka Tanga ni mwendo gani?"

"Dakika arobaini na tano, mama."

"Ewaa." Akapumua, akapumzika, akapumua tena. "Na mbona wewe umechukua miaka miwili?"

Hamed alipiga magoti penye mkeka, akauchukua ule mkono mwingine wa bibi, ambao haukuwa umemshika mtu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ulimi wake ulitulia.

Bi Aliya alifumbua jicho moja, akamtafuta binti yake. Bila shaka alikuwa ameshaambiwa habari yote ya ile talaka, maana mtu hamshiki mwanawe kidole kutwa nzima bila kujua anachomzuilia.

"Shamsiya, unangoja nini?" alisema. "Mtandikie mumeo alale. Si mlangoni. Hapa ndani."

Shamsiya aliinuka, akalitoa godoro juu ya sanduku. Shuka likamponyoka mara mbili. Hamed akaishika ncha ya pili, wakalitandika pamoja.